Mbona Marekani dizeli ndogo hazipo?

Kutoka: Houston

Habari zenu wana kundi, wakubwa shikamooni. Nina miezi mitatu tu huku Texas, kazi imenihamisha kutoka Hannover ambako nimeishi miaka tisa, na miaka yote hiyo nilikuwa naendesha dizeli, ile wagoni ya familia, ukijaza tanki unasahau habari za sheli. Sasa natafuta gari hapa, nimezunguka yadi nne, namwambia muuzaji nataka gari ndogo ya dizeli ya kwendea kazini, anaitikia kwa furaha kabisa afu ananipeleka mpaka kwenye pikapu refu kama basi, lina na kijingazi cha kupandia. Namwambia si hili, ndogo. Yule mzee alinitazama kama nimemwomba punda. Kwani injini si ileile, mbona kule kila jirani anayo na huku hata fununu hakuna? Halafu ile wagoni yangu nimemwachia shemeji Hannover, ya 2014, bado nzima kabisa. Nikiisafirisha kwa meli je?

Kutoka: Minneapolis

Karibu sana ndugu yangu. Kabla ya yote, kuwa makini na rangi kwenye pampu. Mi nilitokea Birmingham ya Uingereza, kule mkono wa kijani ni petroli na mweusi ni dizeli, akili ishazoea hivyo. Nimefika hapa nimekodi gari, usiku, baridi inakata masikio, nikavuta kijani bila kusoma. Mdomo ukagoma kuingia kwenye tundu la tanki. Nikausukuma, nikauzungusha, nikaanza kuitukana gari ya watu, mpaka kijana wa pampu ya pili akanipigia kelele hiyo ni dizeli. Huku kijani mara nyingi ndo dizeli bwana! Kilichoniokoa ni kwamba mdomo wa dizeli unatengenezwa mnene kuliko tundu la gari ya petroli. Ila kinyume chake hakina mlinzi, mdomo wa petroli unazama kwenye tanki la dizeli bila kugusa ukuta. Likikutokea hilo usiwashe gari, hata funguo usizungushe, manake pampu ya dizeli inalainishwa na dizeli yenyewe, ukiipa petroli vyuma vinasagana vikavu na ule unga wa chuma unatembea mpaka kwenye nozeli zinazorusha mafuta ndani ya injini, hapo unabadilisha mfumo mzima.

Kwa nini hazipo namwachia kaka wa Stuttgart, najua anasoma kimyakimya.

Kutoka: Stuttgart

Nasoma, nilikuwa nanawa grisi kwanza.

Mdogo wangu wa Houston, injini kweli ni ileile. Dizeli haina plagi ya cheche, inabana hewa mpaka inapata moto kiasi kwamba mafuta yakirushwa ndani yanawaka yenyewe, na huko kubana sana ndo kunaifanya itumie mafuta kidogo, tena lita ya dizeli imebeba nishati kuliko lita ya petroli kwa asilimia 10 na kitu. Hilo halibadiliki ukivuka Atlantiki. Kinachobadilika ni serikali imeamua kukukata wapi.

Chukua hapa Ujerumani. Ushuru wa nishati kwenye petroli ni senti 65.45 kwa lita, kwenye dizeli 47.04. Yaani hujachagua hata gari ushapunguziwa senti 18 kila lita. Ila usidhani ni zawadi, wanakungoja kwenye kodi ya mwaka, kila sentimita 100 za ujazo wa injini ya dizeli ni yuro 9.50 na ya petroli ni 2, kwa hiyo injini ya lita mbili ni 190 kwa 40, bado hawajaongeza kile kipande cha kaboni. Anayekimbia kilomita nyingi dizeli inamlipa, anayetoka mara moja moja inamla. Waholanzi wameikaza hiyo kodi ya mwaka kwelikweli. Uswisi wao hata kwenye pampu dizeli inatozwa juu kidogo ya petroli. Nchi jirani kabisa hizi, barabara zinaungana, lakini hesabu ya mnunuzi siyo moja.

Afu Ulaya ilikuwa na lake jambo, kaboni. 1998 watengenezaji wa Ulaya waliahidiana na Tume ya Ulaya washushe wastani wa kaboni dayoksaidi hadi gramu 140 kwa kilomita ifikapo 2008, na njia ya mkato ilikuwa dizeli manake inachoma kidogo. Kilichofumbiwa macho ni oksidi za naitrojeni, zile zinazoharibu mapafu. Euro 4, kiwango cha moshi cha Ulaya cha 2005, iliiruhusu dizeli kutoa gramu 0.25 kwa kilomita, wakati petroli ilibanwa kwenye 0.08. Marekani miaka hiyohiyo wakasema sisi hatuulizi unachoma nini, wastani wa gari zako uwe gramu 0.07 kwa maili, ambayo kwa kilomita ni kama 0.043. Gari iliyopita bila shida hapa ilitakiwa isafishwe karibu mara sita ndo iuzwe kule! Vifaa vya kusafisha hivyo vina bei, na kwenye gari ndogo bei hiyo haina pa kujificha. Kwenye pikapu la kuvuta trela inajificha, tena yale mazito ya kazi yana kanuni zake. Yule mzee wa yadi hakuwa anakutania.

Mafuta yenyewe nayo. Mpaka 2006 dizeli ya barabarani ya Marekani iliruhusiwa salfa sehemu 500 kwa milioni, na salfa inaua masega, yale ya kwenye ekzosi yanayosafisha moshi, sasa utafunga vifaa vya kisasa kwenye gari halafu uilishe sumu? Ilikuja kushuka hadi 15. Ushuru wa serikali kuu yao ndo umegeuzwa kabisa, galoni ya petroli senti 18.4, ya dizeli 24.4. Na viwanda vyao vya kusafisha mafuta vimepangwa vitoe petroli kwa wingi, vya huku vikibaki na petroli ya ziada wanawauzia Wamarekani na sisi tunaagiza dizeli. Yaani kila upande ulijenga nyumba kwa tofali lake, sasa nani abomoe.

Na kuna kumbukumbu. Wazee wa huko waulize Oldsmobile, gari zao za dizeli za 1978, ile V8 ya lita 5.7. Presha ya dizeli ilikuwa inazidi bolti za silinda hedi, gasketi zinaenda, na hawakuweka hata kitenganisha maji kwenye mafuta. Ilifika 1985 ikaachwa, lakini watu walishaapa. Walipoanza kusahau ndo ikaja ile ya Volkswagen, Septemba 2015, programu inajua gari inapimwa inajifanya safi, ikitoka barabarani inarudi tabia yake. Magari milioni 11 duniani! Mimi niko kwenye gereji siku ile, mteja alikuja kuulizia bei ya dizeli yake iliyotumika, akarudi kesho yake kuuliza tena kama imebadilika.

Kutoka: Nagoya

Kaka wa Stuttgart heshima yako, lakini hiyo ya kodi Japani inakukatalia. Huku kwa miaka mingi ushuru wa petroli ulikuwa yeni 53.8 kwa lita na dizeli 32.1, kwa hiyo kwenye pampu dizeli ndo ya bei ndogo, na bado gari za abiria za dizeli zilifika mahali zikawa za kutafuta kwa tochi. Kilichozimaliza ni jina baya. 1999 gavana wa Tokyo, Shintaro Ishihara, aliwatolea waandishi wa habari chupa ya plastiki ina masizi meusi ndani, akawaambia hii ndo mnayoivuta. Picha ikakaa vichwani. Oktoba 2003 Tokyo na mikoa mitatu jirani wakapiga marufuku malori na mabasi ya dizeli yasiyofikia kiwango, na japo sheria ilikuwa ya malori, mwenye gari ndogo naye akaona aibu. Zimeanza kurudi kidogo 2012 Mazda walipotoa CX-5 yao.

Na nyinyi mnaoshangaa kwa nini nchi zinazonunua gari zilizotumika kutoka huku zimejaa petroli tupu, jibu ndo hilo, mnunuzi wa mwisho anapokea alichokikataa au alichokipenda mwenye gari wa kwanza.

Kuhusu rangi, huku pia kijani ni dizeli, nyekundu petroli ya kawaida, njano ile ya daraja la juu. Halafu dizeli inaitwa 'keiyu', mafuta mepesi, na vile vigari vidogo vinaitwa 'kei', basi kila mara anatokea mtu anakijaza kigari chake cha kei mafuta ya keiyu akiamini ndo yamewekwa kwa ajili yake.

Kutoka: São Paulo

Huku hakuna mjadala, tangu 1976 gari ya kawaida ya abiria kutumia dizeli ni marufuku. Ruksa ni za kubeba tani moja na zaidi, na zile za kuendesha magurudumu yote manne. Ilikuwa enzi ya mafuta kupanda, wakataka dizeli ibaki kwa malori na mabasi, sisi wengine tukapelekwa kwenye pombe ya miwa. Namaanisha gari, si watu.

Kutoka: London

Marahaba wanangu. Mimi dizeli hiyo niliingizwa mjini nayo, tena na serikali. Machi 2001 kodi ya barabara hapa ikaanza kupimwa kwa kaboni, dizeli ikawa mtoto mwema, kila mtu ananunua, na mimi 2012 nikanunua yangu. Safari zangu ni shule, kazini, kanisani, hakuna hata moja inayozidi dakika kumi. Hakuna aliyeniambia kwamba ile filta ya masizi inajisafisha kwa joto, na joto hilo linapatikana ukienda mbio barabara kuu muda wa kutosha. Yangu ikaziba. Taa ya njano ikawaka, nikaipeleka gereji moja hapa karibu, wakabadilisha sensa, ikawaka tena, wakabadilisha nyingine, mara ya tatu ndo kijana mmoja mdogo pale akaniuliza mama kwani unaendaga wapi na hii gari? Nikamwelezea. Akacheka, akaniambia nenda Brighton urudi. Jumapili nikaenda, sikuwa na shughuli yoyote Brighton, nikatazama bahari nikarudi, taa imezimika.

Basi nikawa naenda Brighton kila mwezi kama mtu mwenye ndugu kule. Mpaka Agosti 29, 2023, ukanda wa hewa safi ukatandazwa London nzima. Dizeli lazima iwe Euro 6, yangu Euro 5, pauni 12.50 kila siku nikiigusa. Jirani yangu ana kijigari cha petroli cha 2006 kinakohoa, kinapita bure, manake petroli Euro 4 inatosha. Ilinikaa kooni hiyo.

Kutoka: Stuttgart

Pole sana mama, shikamoo. Hapa kwetu hivyohivyo, dizeli za Euro 4 kushuka chini zilizuiwa mji mzima tangu Januari 2019, na huu ni mji unaoishi kwa magari. Hiyo ya Brighton ni tiba halisi, wateja wangu wengi nawaandikia hiyohiyo, nusu saa ya barabara kuu.

Kutoka: Minneapolis

Houston, hujajibiwa la meli. Usipoteze nauli. Gari isiyotengenezwa kwa viwango vya usalama vya Marekani inaruhusiwa kirahisi ikishafikisha miaka 25, kwa upande wa moshi ni 21. Ya kwako hesabu mwenyewe.

Kutoka: Houston

Asanteni sana wote, mama wa London pole. Nimepima safari yangu ya kazini, maili sita, foleni tupu, kwa hiyo hata ningeipata dizeli, filta ingenipeleka baharini kila mwezi. Nimechukua haibridi ya petroli, mkono mweusi, nimeandika karatasi nikabandika kwenye mfuniko wa tanki. Shemeji nimempigia kumwambia aendelee na wagoni mpaka 2039. Akauliza, na matairi ya baridi analipa nani mpaka huko?