Kidirisha cha kujaza vipimo vya mageti: iLogic, makro za SolidWorks au FreeCAD?

MchundoKigamboni
Wakuu heshima kwenu. Tuna karakana ya mageti na grili. Kila mteja anakuja na upana wake na kimo chake, na mimi kila jioni nabaki ofisini nabadilisha namba zilezile kwenye modeli ileile, natoa mchoro, naandika orodha ya kukata paipu. Nimechoka. Nataka kidirisha: dada wa mapokezi ajaze upana, kimo na aina ya geti, abonyeze kitufe, mchoro utoke. Nimeambiwa iLogic, wengine wanasema makro (vijiprogramu vya kujiandikia) za SolidWorks, na kuna kijana wa chuo ananisukumia FreeCAD; zote ni za kuchorea kwa kompyuta. Ipi bora? Mwisho wa mwezi natakiwa nilipie leseni, kwa hiyo nahitaji jibu mapema.

PembeTisini
Hapo ni kama umeuliza basi gani zuri bila kusema unakwenda Tanga au Songea. Sasa hivi unatumia programu gani, na toleo la mwaka gani? Mageti ya aina ngapi? Watakaojaza ni wangapi? Na huyo dada ana programu ya kuchorea kwenye kompyuta yake, au umepanga atumie ya kwako?

MzeeLisp
Anayeuliza swali la hivi humu hurudi baada ya wiki mbili. Tusubiri.

MchundoKigamboni
Nimerudi mkuu, siku moja tu 😀 Natumia AutoCAD LT. Aina ni tatu: mabawa mawili, la kuteleza, na lenye mlango mdogo ndani. Dada ana laptopu yenye Word na Excel basi.

PembeTisini
Sawa, kumbe hiyo "modeli" ni bloku ya kuvuta, yaani mchoro bapa wa 2D unaobadilika ukiuvuta. Ungeanza na hilo. iLogic inaishi ndani ya Inventor, programu nyingine ya kuchorea, makro ulizotajiwa zinaishi ndani ya SolidWorks, na wewe huna hata moja kati ya hizo mbili. Ulichouliza si kidirisha kipi. Ni kama uhame nyumba. (Na mimi ni dada, si mkuu.)

MzeeLisp
Asihame. LT ilianza kupokea AutoLISP, lugha ya kuiandikia AutoCAD amri zako, kwenye toleo la 2024. Mageti matatu, bloku tatu, kidirisha kimoja cha DCL, kazi imeisha. DCL unaiandika kwa maneno kwenye faili la kawaida: hapa sehemu ya kujaza, hapa kitufe, hapa picha. Hakuna kuburuta. Tangu miaka ya tisini naandika hivyo na vidirisha vyangu vya wakati ule bado vinafunguka leo. Toleo lako ni la mwaka gani?

Kijana_wa_Nyoka
Mzee DCL ina sura ya kompyuta ya posta 😂 Halafu kidirisha kikiwa wazi huwezi kugusa mchoro, mpaka ukifunge, uguse, ukifungue tena. Mimi ndiye huyo kijana wa FreeCAD (si yule wa kwako, ila tuko wengi). Vipimo vyote unaviweka kwenye lahajedwali la ndani, kila seli unaipa jina: upana, kimo, nafasi. Kidirisha unakichora kwa Qt Designer kwa kuburuta, unakiita kwa lugha ya Python, kikijazwa kinaandika kwenye seli, unaamuru recompute (modeli ijengwe upya), basi. Na dada wa mapokezi anawekewa kwenye laptopu yake bila kulipa hata senti. Huko kwingine kila anayebonyeza kitufe anahitaji leseni yake.

Bawaba3
FreeCAD ile ile inayozipa nyuso za modeli namba, ukibadilisha upana uso namba 6 unageuka namba 8 na tundu la bawaba linahamia upande wa kufuli?

Kijana_wa_Nyoka
Hiyo imepunguzwa sana kwenye toleo la 1.0, ya Novemba 2024. Nawe usishikize tundu kwenye uso, lishikize kwenye plani ya asili, bapa la msingi lisilobadilika. Hilo ni kosa la mchoraji.

Bawaba3
Kila kosa la FreeCAD ni la mchoraji.

Mimi SolidWorks. Kabla hujaandika makro yoyote, ndani yake tayari kuna DriveWorksXpress, haina malipo ya ziada, na fomu unaitengeneza bila kuandika kodi ya programu. Ukitaka makro yako mwenyewe, fomu unaijenga kwenye VBA, lugha ya makro, kama ya Excel. Angalizo moja tu: ukiweka kipimo kwenye kodi kwa SystemValue, programu inasoma mita, hata kama faili lako ni la milimita. Siku ya kwanza nilijaza 3600 nikaletewa msururu wa makosa mekundu kwa sababu nilikuwa nimeomba geti la kilomita tatu na ushee.

Kirinyaga_Mild_Steel
Mimi niko Eldoret, natumia iLogic, na bado naipenda baada ya haya nitakayosema. Ni marefu kidogo, mnivumilie.

Karakana niliyokuwa nikifanya ilikuwa na mashine ya plazma ya kukatia chuma. Nikaunda fomu ya shiti za kufunika mageti: sehemu tatu za kujaza, orodha kunjuzi ya nakshi, na kitufe kikubwa nilichokiandika TOA KAZI. Fomu yenyewe sikuandika hata mstari mmoja. Unaburuta parameta, unaipa jina, imekaa. Nilichoandika ni kanuni ya nyuma ya kitufe: ichukue vipimo, ibadilishe modeli, itoe faili la DXF la kukatia. Ijumaa nikajaribu mara kadhaa, nikamalizia na vipimo vya oda ya kwanza ya Jumatatu. Kwenye skrini geti lilikuwa linanenepa na kukonda vile unataka. Bosi akaja kutazama, akabonyeza mwenyewe mara mbili.

Jumatatu tukakata shiti 11. Kesho yake asubuhi fundi wa kuchomelea akaniita. Ameegemeza shiti kwenye fremu, imezidi kwa upana wa kiganja. Ya pembeni yake ikapungua. Nikatandaza shiti zote chini, nikaweka karatasi ya oda juu ya kila moja, nikapita na futi kamba. Ya kwanza sawa. Ya pili ilikuwa na vipimo vya mteja wa kwanza. Ya tatu, vya mteja wa pili. Hivyo hivyo mpaka mwisho: kila mtu alikuwa amekatiwa shiti ya jirani yake aliyemtangulia.

Sababu ni hii. Ndani ya kanuni, ukibadilisha parameta, Inventor haijengi modeli upya papo hapo. Inasubiri kanuni imalizike. DXF yangu ilikuwa inatolewa katikati, modeli bado ni ya mteja aliyepita. Kanuni ikiisha modeli inajirekebisha, nami naona geti jipya safi kwenye skrini, kwa hivyo siwezi kushuku. Dawa ni mistari miwili kabla ya kutoa faili: RuleParametersOutput() halafu InventorVb.DocumentUpdate(). Miwili tu.

Bawaba3
Lakini kama kila shiti ni ya mteja aliyetangulia, si ungezisogeza nafasi moja nyuma? Unabaki na moja ya ziada na moja ya kukata upya. Hasara iko wapi?

Kirinyaga_Mild_Steel
Ndivyo nilivyofanya, ndugu. Ila nne zilikuwa zimeshapigwa grinda zikalazimishwa kuingia kwenye fremu zisizo zake. Mafundi wa usiku walidhani ni mimi nimepima vibaya, wakanisitiri.

MzeeLisp
Wakanisitiri 😂😂

Simba_wa_Gerezani
Mnazunguka tu. Si ashushe Inventor iliyovunjwa, isiyolipiwa leseni, Kariakoo unawekewa mchana mmoja?

PembeTisini
Usimpe mtu mwenye karakana ushauri wa kumfungia karakana. Na hata tukiacha sheria, utategemezaje oda za wateja kwenye programu iliyowekwa na mtu usiyemjua?

Simba_wa_Gerezani
Nusu ya humu mnatumia hiyohiyo.

PembeTisini
Jisemee mwenyewe.

Turudi kwa mwenye mada. Mchundo, kidirisha ni kazi ya siku moja au mbili, kwa programu yoyote iliyotajwa. Kazi iko kwenye modeli kukubali kila namba atakayoandika dada bila kuvunjika. Mfano: nafasi ndani ya fremu ya bawa ni milimita 1,700, nondo za mraba za milimita 20, na hutaki mwanya uzidi 110 mtoto asipitishe kichwa. Nondo ngapi? Ukitoa 110 kwenye 1,700 ukagawa kwa 130 (nondo 20 na mwanya 110) unapata 12.23. Wengi wanaandika kodi inayokata desimali, zinakuwa 12, na mwanya unatoka 112. Lazima upandishe: 13, mwanya 102.86. Hilo hutaligundua kwa kujaribu namba tatu Ijumaa jioni. Na weka mipaka: dada akiandika 360 badala ya 3600, kidirisha kikatae palepale, kisimchoree geti la banda la kuku.

MchundoKigamboni
Daah, asante sana dada. Hilo la nondo limenigusa, sisi huwa tunagawa kwa macho. Na orodha ya kukata je? Ndiyo inayonilaza ofisini kuliko mchoro.

Mpemba_wa_Muscat
Kama orodha ndiyo shida, mbona unataka CAD, programu ya kuchorea? Kaa na Excel. Nondo zako 13 ziwe za 1720: paipu ya mita 6 inatoa 3, jiwe la kukatia linakula milimita 3 kila mkato, mabaki 831. Unahitaji paipu 5. Hesabu hiyo haihitaji leseni, na Excel yuko nayo dada tayari. Mchoro fundi anaujua, ameshachomelea mia.

Kijana_wa_Nyoka
Na mteja anayetaka kuona picha kabla ya kulipa?

Mpemba_wa_Muscat
Mpige picha geti la jirani yake.

Bawaba3
Nikazie jambo: wateja wetu wanasema futi. "Geti futi kumi na mbili." Kidirisha kipokee futi na milimita, kibadilishe chenyewe, kionyeshe zote mbili. Futi 12 ni 3,658, si 3,600. Hizo 58 tumezigombania na wateja mara nyingi kuliko bei.

MzeeLisp
Futi zake mwenyewe hazifanani. Pima nafasi kati ya nguzo chini, katikati na juu, chukua ndogo. Nguzo za matofali mbili nikikuta zimesimama sawa nitapiga picha nitundike ukutani. Kwa hiyo kidirisha kiwe na sehemu tatu za upana, si moja, na kichague chenyewe.

Kirinyaga_Mild_Steel
Hiyo nimeipenda, naiongeza kwangu leo. Sehemu tatu na Min (ichague ndogo kuliko zote) basi.

MchundoKigamboni
Wakuu, je vile vipimo vya leza ni vya kuaminika? Nikimpa kijana wa saiti kimoja atapunguza makosa?

Bawaba3
Ndani ya nyumba, ndiyo. Juani huioni nukta.

Mpemba_wa_Muscat
Mwingine ashike kibao cheupe kwenye nguzo ya pili, na kijana atie kivuli kwa kofia. Huku tunafanya hivyo, na jua letu mnalijua.

MzeeLisp
Mchundo, nimeuliza tangu juzi: LT yako ni toleo la mwaka gani?