Nimetoa kimya kimya, sifa kachukua mwingine. Nifanyeje?

Mpita_Njia:
Wakuu, salamu kwenu. Kuna mama mjane ninayefanya naye kazi. Mwanawe alikuwa karibu kurudishwa nyumbani kwa deni la ada. Nikaenda mwenyewe ofisi ya mhasibu wa shule, nikalipa, nikamwomba karani asitaje jina langu. Hata nyumbani kwangu hawajui.

Sasa huyu mama anaamini aliyelipa ni shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Shemeji hakusema ndiye wala siye. Alipoulizwa alicheka tu, akajibu, "Tumshukuru Mungu." Kwa mtu anayetaka kuaminiwa, jibu hilo linatosha kabisa! Ukoo mzima umeshampongeza. Siku hizi mama wa watu anamfulia na kumlelea watoto kila mwisho wa wiki, anasema, "Nitamkataliaje aliyemsomesha mwanangu?" Ananisimulia sifa zake wakati wa mapumziko, nami naitikia, "Mungu ambariki."

Ukweli ni kwamba inaniuma. Kama nia ilikuwa safi, uchungu huu unatoka wapi? Thawabu ndiyo imeondoka? Niseme au ninyamaze?

Mwanafunzi_wa_Zamani:
Ndugu yangu, usijihukumu haraka. Ria ni kutenda ili watu wakuone. Wewe wakati wa kutenda ulikwepa macho ya watu, hilo limeshapita salama. Uchungu uliokuja baadaye ni jambo jingine. Nafsi haiombi ruhusa kabla ya kunung'unika. Katika hadithi ya Mtume Muhammad kuhusu watu saba watakaopata kivuli cha Mungu siku isiyo na kivuli kingine, yumo aliyeificha sadaka yake hata mkono wa kushoto usijue kilichotolewa na wa kulia. Wakristo nao wanayo karibu maneno hayo hayo, Mathayo sura ya 6. Sioni popote palipoandikwa kwamba mkono wa kulia haukutamani kusema. Nyamaza, muachie Mola.

Sipindishi:
Mimi nawapinga kidogo. Kujificha mnakupamba mno. Hata Qurani 2:271 inasema kutoa kwa dhahiri ni vizuri, na kumpa fukara kwa siri ni bora zaidi. Haikusema cha dhahiri ni dhambi. Mtazameni Chuck Feeney, tajiri wa Marekani aliyeanzisha mfuko wa misaada mwaka 1982 na kuficha jina lake miaka na miaka. Mwaka 1997 siri ikatoka kwa sababu ya mauzo ya biashara yake. Hakuacha kutoa. Baadaye alikubali hata kuzungumza hadharani, ili matajiri wenzake watoe wangali hai. Mfuko ulifungwa 2020 ukiwa umetoa takriban dola bilioni 8. Kujulikana hakukumharibia kitu. Mkuu, sema ukweli, huyo shemeji aumbuke.

Mama_Pacha:
Jamani, nyote mmekaa kwenye moyo wa mtoaji. Hebu rudini kwenye maelezo yake: mama anafua nguo za mtu kila mwisho wa wiki kwa deni ambalo halipo! Hapo ndipo pa kushughulikia, sifa ni jambo dogo.

Nasema hivi kwa kuwa mimi nimekaa upande wa kupokea. Kuna ndugu aliwahi kunisaidia, na kila tulipotofautiana msaada ule ulitajwa. Masimango yanachosha kuliko dhiki yenyewe. Kwangu mimi, siri ya sadaka ni ya kumsitiri anayepokea, asimwinamie mtu. Maimonides, mwanazuoni wa Kiyahudi wa karne ya 12, alipanga daraja nane za utoaji, na ukizisoma unaona alikuwa anapima aibu ya mpokeaji. Mpokeaji asipomjua mtoaji, hata kama mtoaji anamjua yeye, ni daraja la tatu kutoka juu. Hapo ndipo ulipo, Mpita_Njia. La pili ni wasijuane kabisa. La kwanza ni kumwezesha mtu, kwa mkopo, ubia au kazi, asihitaji tena kuomba.

Kwa hiyo usijitaje. Ukijitaja umemhamishia deni tu: leo anamfulia shemeji, kesho atashindwa kukukatalia wewe kazini. Mwombe karani amwambie mambo mawili basi: aliyelipa si mtu wa ukoo wao, na hadai chochote. Shemeji mwachieni kicheko chake.

Mpita_Njia:
Dada, hapo umenifungua macho. Hilo la kufua nililiandika kama nyongeza tu, na ndilo lililokuwa swali. Lakini mama akimbana karani amtaje mtu?

Mama_Pacha:
Atambana, usiwe na shaka. Karani aseme ameombwa asiseme, akomee hapo. Asidokeze kama ni mwanamume au mwanamke, wala kama anafanya kazi karibu. Na wewe mama akikujia na habari hiyo wakati wa mapumziko, usikimbilie kubadilisha mazungumzo. Shangaa kama wengine.

Sipindishi:
Nimekubali la karani. La shemeji bado sijakubali.