Ripoti inasema vitabu havipo, na viko rafuni

zamu_ya_kaunta: Wakuu, tunakagua vitabu vya maktaba ya chuo kwa Koha (programu ya kuendesha maktaba). Rafu za 330 hadi 339 (namba za mada za Dewey) zimeskaniwa zote na faili la namba za msimbopau likapakiwa. Ripoti ikaleta nakala zaidi ya 400 kuwa hazikuonekana, lakini ukienda rafuni nyingi zipo. Tatizo ni skana au faili? Halafu, takwimu za kuazimwa zinatosha kuamua kipi kiondolewe?

pau14: Anza na faili. Lifungue kwa kihariri cha maandishi matupu, si kwa programu ya majedwali. Namba 00012345 ikipita kwenye jedwali hutoka 12345, na ile ya tarakimu 14 inaweza kutoka 3.1E+13. Kwa Koha hizo ni namba za nakala isiyokuwepo. Skani moja kwa moja kwenye faili la .txt, namba moja kila mstari. Fanyeni nakala 200 au 300 kwa mkupuo, makosa yatafutike kirahisi.

orodha_rafu: Faili likiwa safi, angalia vichujio. Usipochagua mahali nakala inapokaa, vitabu vya akiba ya kaunta na vya stoo vyenye namba hizohizo za 330 hadi 339 huhesabiwa vimekosekana. Weka alama ya kuruka vilivyoazimwa pia. Zinazotajwa kuwa si mahali pake, tazama 952$2 (sehemu ya rekodi inayotaja mfumo wa kupanga): kitabu cha Dewey kilichoingizwa kama LCC (mfumo wa Maktaba ya Bunge la Marekani) hupangwa kwingine kabisa. Na tafadhali, msigeuze ripoti kuwa "vimepotea" kwa mkupuo kabla mtu hajapita rafuni na karatasi mkononi.

mpaliliaji: La pili: hazitoshi hata kidogo. Kitabu kinachosomwa humohumo na kurudi rafuni hakipiti kaunta, kwa hiyo kwenye takwimu kinaonekana kimelala. Washa RecordLocalUseOnReturn (mpangilio wa Koha unaorekodi matumizi ya ndani ya maktaba), waambie wasomaji waache vitabu mezani, na kila kinachookotwa kiskaniwe kama kinachorudishwa ndipo kipangwe. Subirini mwaka mzima wa masomo. Kuna kozi zinazofundishwa muhula mmoja tu. Kabla ya kuondoa, tafuta WorldCat (katalogi ya pamoja ya maktaba nyingi duniani) kama kuna maktaba nyingine inacho, ukilinganisha toleo na mwaka, maana jina pekee hudanganya. Kisha weka hali ya "kimeondolewa" kwanza. Ukifuta rekodi papo hapo na mwalimu akakidai wiki ijayo, mnaanza kukiorodhesha upya.