Tupeane uzoefu: mtoto wa jimnastiki anaposema anaumwa, mlifanyaje?

Mwanzisha mada (mama, Leicester)

Habari za jioni ndugu zangu. Naomba tukusanye hapa uzoefu wetu kuhusu maumivu na majeraha ya watoto wanaoshindana katika jimnastiki. Wengi wetu tulikulia Mombasa, Tanga au Unguja, ambako mchezo huu tuliuona kwenye televisheni wakati wa Olimpiki tu, kwa hiyo kocha anapotuambia kwamba maumivu ni ya kawaida tunakosa la kumjibu. Mimi naamini kwamba maumivu ya mtoto anayekua yanastahili kusikilizwa siku ileile, bila kusubiri mashindano yapite.

Binti yangu ana miaka 11, na ukumbini hakuwahi kulalamika. Niligundua nyumbani: akiinuka kutoka sijida alijisukuma kwa ngumi badala ya kiganja, na mlango mzito wa jikoni aliusukuma kwa bega. Nilipomuuliza, alisema kifundo cha mkono wa kulia kinamuuma kila anapojirusha kinyumenyume, na kwamba wenzake wote wanaumwa hivyohivyo. Mtaalamu wa fiziotherapia alimbonyeza juu kidogo ya kifundo, upande wa kidole gumba, mtoto akashtuka kwa maumivu, na picha ya eksirei ikaonyesha kwamba gegedu la ukuaji lilikuwa limepanuka. Tulielezwa kwamba mfupa wa mtoto hurefukia katika gegedu hilo lililo karibu na ncha yake, nalo ni dhaifu kuliko mfupa wenyewe, ilhali mwanajimnastiki huibebesha mikono uzito ambao sisi wengine huubeba kwa miguu. Likiendelea kugandamizwa linaweza kufunga mapema, yaani kugeuka mfupa kabla ya wakati wake, mfupa huo ukabaki mfupi kuliko mwenzake wa pembeni, na kifundo kikaja kumsumbua hata ukubwani.

Tiba ilikuwa kutoweka uzito wowote mikononi mpaka kifundo kisiume kikibonyezwa wala kikikunjwa nyuma, jambo lililochukua sehemu kubwa ya muhula. Hata hivyo hakukaa nyumbani. Aliendelea na mazoezi ya miguu, tumbo na unyumbufu, pamoja na hatua za dansi juu ya boriti, ule ubao mwembamba wa kutembelea kwa mizani. Kurudi kulikuwa kwa ngazi: kwanza kusukuma ukuta, kisha kutambaa kwa mikono na magoti, kisha kusimama kwa mikono, na mwisho kabisa ndipo akajirusha. Hakupanda ngazi nyingine kabla ya kuamka asubuhi ya pili bila maumivu.

Baba, Toronto

Ahsante sana dada kwa kuanzisha mada hii. Kwetu ulikuwa mgongo. Binti yangu wa miaka 14 alianza kuumwa chini ya kiuno, upande mmoja, na maumivu yalikuja akijipinda nyuma na kutulia akiinama mbele. Daktari wa kwanza alisema ni misuli, na eksirei haikuonyesha kitu. Daktari wa wanamichezo alimsimamisha kwa mguu mmoja akamwambia ajipinde nyuma. Maumivu yakaja palepale. Kipimo cha MRI kikaonyesha ufa wa uchovu kwenye pingili ya tano ya kiuno, ufa ambao hutokana na kujipinda na kutua kwa marudio mengi, na ambao eksirei ya kawaida huweza kuukosa hasa ukiwa bado mchanga. Wazazi wenzangu, mtoto wa mchezo huu akiumwa mgongo wa chini kwa wiki mbili tatu mfululizo, msiridhike na jibu la misuli kabla hajapimwa na anayeyajua mambo haya.

Alipumzishwa kujipinda kwa miezi kadhaa, kisha akafundishwa upya kukaza tumbo na makalio kabla ya kila mruko. Kilichomtesa zaidi kilikuwa upweke, kwa kuwa marafiki zake wote wako ukumbini. Nilimwomba kocha wake ampe kazi, naye akampa ya kuwaandikia wadogo alama zao. Nina hakika jambo hilo lilimsaidia sawa na fiziotherapia.

Kocha, Nairobi

Mimi nitasema machache kuhusu visigino, maana ndivyo vinavyoletwa kwangu mara nyingi, kwa watoto wa miaka 8 hadi 13 hivi. Ukikibana kisigino pande zote mbili kwa vidole na mtoto akakunja uso, huenda gegedu la ukuaji la kisigino limechokozwa na kutua kwa miguu mitupu. Hali hiyo huisha gegedu linapofunga. Wakati huo punguza miruko, nyoosha misuli ya shavu la mguu, na tumia vipande laini vya kuinua kisigino ndani ya viatu.

Jambo kubwa zaidi ni mwendo wa ukuaji wenyewe. Huwapima watoto wangu urefu kila mwezi, na anayerefuka haraka humpunguzia idadi ya kutua, kwa sababu katika kipindi hicho misuli na kano hukazwa na mifupa inayorefuka, na mtoto hupoteza hata hesabu ya mwili wake hewani. Dawa za kutuliza maumivu kabla ya mazoezi sizikubali kamwe. Mtoto aliyemeza ibuprofeni ili aruke amezimiwa king'ora. Akigonga kichwa, siku hiyo harudi tena, hata akisema yuko sawa.

Sisi makocha tunapaswa kuijua habari ya Elena Mukhina wa Usovieti, bingwa wa dunia wa mwaka 1978. Alivunjika mguu mwaka 1979 na akarudishwa mazoezini kabla haujapona vizuri. Julai 1980, siku chache kabla ya Olimpiki ya Moscow, alivunjika shingo akifanya mruko ambao mguu ule haukuwa na nguvu ya kuutosha, akapooza hadi alipofariki mwaka 2006.

Mwanajimnastiki wa zamani, Minneapolis

Shikamooni wazazi. Nimeshindana hapa Marekani tangu nikiwa mdogo, na naomba mjue jinsi mtoto anavyofikiri. Ukumbini kwetu tulioneshwa mara nyingi mruko wa Mmarekani Kerri Strug kwenye Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996, ambaye aliumia kifundo cha mguu katika mruko wa kwanza, akaruka wa pili, akatua kwa mguu mmoja. Hatukuwahi kuambiwa kwamba timu yake ingepata dhahabu hata bila mruko huo wa pili. Mtoto anayekuzwa kwa picha hiyo huficha maumivu kwa sababu anaamini ndio ujasiri. Kwa hiyo msiulize "Unaumwa?" kwani atajibu hapana. Muulizeni ni mruko gani hataki kuufanya leo.

Kwa wenye mabinti: ulizeni pia kuhusu hedhi. Yangu ilikatika, na wakubwa ukumbini waliifurahia kama dalili ya mazoezi mazuri. Kumbe mwili uliokuwa ukikosa chakula cha kutosha ulikuwa ukiidhoofisha mifupa, na ugoko wangu ukapata ufa. Nilipona kwa kula kwanza, mazoezi baadaye. Bingwa wa Marekani Simone Biles alipojitoa kwenye Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021 kwa sababu hakujua tena yuko wapi hewani, nililia kwa shukrani, na miaka mitatu baadaye alirudi Paris akachukua dhahabu tatu.

Mama, Muscat

Nawashukuru nyote. Swali langu: mnamwambiaje kocha bila mtoto kupoteza nafasi yake?

Mwanzisha mada

Mama mwenzangu, mimi nilipeleka barua ya mtaalamu yenye orodha mbili, anachoruhusiwa na asichoruhusiwa, na tarehe ya kupimwa tena, ili mazungumzo yasiwe kati ya kocha na mtoto. Hapa Uingereza ripoti ya wakili Anne Whyte ya Juni 2022, kuhusu unyanyasaji katika jimnastiki, ilieleza wazi jinsi watoto walivyolazimishwa kufanya mazoezi wakiwa na majeraha, na kuitaja kwa upole kulinisaidia kusikilizwa. Kocha akikataa barua ya daktari, mhamishe mtoto. Sisi tulihama, na ukumbi mpya ulitaka kuiona barua hiyo kabla hata ya kumwona akiruka.