Kopo nalitunza mimi, kuliona kwenye ramani mpaka nitoe laki!

Wakuu, habari za jioni.

Mods naomba msiuhamishie huu uzi kule kwenye teknolojia, huko hautasomwa na mtu. Nina hasira tangu Jumapili, na mke wangu kaniambia nikaziandike mahali, yeye amechoka kuzisikiliza.

Kwa wasioujua mchezo wenyewe: jiokashingi ni kuficha na kutafuta kwa watu wazima. Mtu anaficha kopo, anapima majiranukta (namba za kuonyesha mahali kilipo kitu) kwa GPS, anayaweka kwenye ramani ya mtandaoni, ambayo ni ya kampuni. Wengine wanakuja na simu zao, wanasaka, wakilipata wanasaini karatasi iliyomo ndani na kulirudisha palepale. Basi. Hakuna zawadi, hakuna mkeka wa kubashiri. Nilianza 2019 nikidhani ni wendawazimu wa wazungu, sasa najua vichochoro vya Dar ambavyo hata bodaboda wanaviogopa.

Sasa kisa chenyewe. Jumapili asubuhi natoka dukani na mkate, huku Kunduchi, nakuta wazungu wawili watu wazima, mzee na mkewe, wamechuchumaa nyuma ya mbuyu ulio kama dakika nne kutoka getini kwangu. Mama kashika simu. Mzee kaingiza mkono kwenye tundu la mzizi mpaka begani. Mtu mwingine angemwita mjumbe. Mimi nikajua hapohapo. Ile namna ya kutazama simu, kutazama mti, halafu kutazama kama kuna anayekutazama, hiyo ni yetu.

Nikawasalimia, nikawauliza kama wamelipata. Wakaangua kicheko. Walikuwa Wajerumani, wametua Ijumaa usiku. Mzee akachomoa kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana pande nne, limezungushiwa selotepu nyeusi. Akaniuliza, wewe si unakaa hapa, ulilipata lini? Nikamjibu sijawahi kulitia machoni. Akadhani namtania.

Kwenye simu yangu, eneo lile lina alama ya kijivu yenye kufuli. Ukiigusa unapewa jina na taarifa kwamba kopo hili ni la wanachama wa kulipia, halafu unaonyeshwa pa kulipia. Maelezo hakuna, majiranukta hakuna. Miaka mitatu napita kando ya ule mbuyu asubuhi na jioni, na mtu aliyeshuka kwenye ndege juzi kalipata kabla ya chai.

Subirini, kuna kubwa zaidi. Walinipa kalamu nisaini. Nafungua karatasi, imelowa, kurasa zimeshikana kama chapati zilizofunikwa zikiwa za moto. Mfuniko una ufa kwenye kona. Nikawaambia niachieni. Nikaenda nalo nyumbani, karatasi nikaianika chini ya feni, nikachana kurasa sita kwenye daftari la hesabu la mwanangu (bado hajajua), nikazitia kwenye kimfuko cha zipu, ufa nikauziba kwa gundi, nikalirudisha. Ukurasa wa kopo nilisomewa na yule mama kutoka simu yake. Mwenye kopo kaandika kwamba amehama nchi, na anaomba mchezaji wa jirani amsaidie kulitunza.

Ombi la kumwomba jirani limeandikwa mahali ambapo jirani haruhusiwi kusoma. Hebu isomeni tena hiyo.

Bei ya huo uanachama ni kama dola arobaini kwa mwaka. Kwa hela yetu ni laki moja, na ukiongeza makato ya kadi inazidi. Najua kuna atakayekuja kuniuliza mbona bia nakunywa. Mkuu, bia nailipia ikiwa mezani na naiona. Na nilishajaribu kulipa mwaka juzi, kadi ya mtandaoni ya laini yangu ya simu ikakataliwa mara mbili na pesa ikakaa hewani siku tisa. Kwa hiyo hata huo mlango wa kulipia si kila mtu anaupitia.

Tuwekane sawa kabla povu halijaanza. Sikatai kampuni kufanya biashara. Seva zinakula umeme, wafanyakazi wanakula wali. Wauze orodha za kupakua ili mtu akiwa porini bila mtandao bado asake. Wauze machujio ya kuchagua makopo, wauze takwimu. Hata zile alama za kusifia kopo zuri, ambazo anayelipia hupata moja kwa kila makopo kumi aliyoyapata, wabaki nazo, ingawa inachekesha kwamba huku hata kusifia kunalipiwa. Ninachokataa ni kulifungia kopo lenyewe.

Maana tuulizane nani anatoa nini. Setilaiti za GPS ni za serikali ya Marekani, mawimbi yake ni bure dunia nzima. Kopo kanunua aliyelificha. Nauli ya kwenda kulificha ni yake. Wakaguzi wanaopitia kila kopo kabla halijaingia kwenye ramani ni watu wa kujitolea. Karatasi ikilowa, anayeanika ni mtu kama mimi. Kampuni imeleta ramani, na kwenye ramani ikaweka kufuli.

Na mchezo haukuzaliwa hivi! Mpaka Mei 2000 Wamarekani walikuwa wanavuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia, kifaa kingeweza kukupotosha hata mita mia. Serikali ya Clinton ikazima ule mvurugo usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei. Kesho yake jamaa mmoja, Dave Ulmer, akaenda msituni karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, akaacha ndoo nyeusi. Ndani akatia vitabu, programu za kompyuta, manati na kopo la maharage. Majiranukta akayabandika kwenye kundi la majadiliano la intaneti, asome anayetaka. Sharti lake lilikuwa chukua kitu, acha kitu, andika kwenye daftari. Hazikupita siku tatu, Mike Teague akawa ameshaikuta. Hakuna aliyemuuliza Teague yuko kwenye kifurushi gani.

Halafu kuna hili la mita 161. Kopo lako lazima liwe umbali huo au zaidi kutoka kopo jingine. Ni sehemu ya kumi ya maili, ndiyo maana namba yenyewe haina kichwa wala miguu. Mwaka jana nikataka kuficha la kwangu, kopo la Blue Band nililolipaka rangi ya kijani, kwenye njia iendayo kwenye magofu ya Kunduchi. Si ndani ya magofu, yale makaburi yenye sahani za Kichina si mahali pa kuchezea. Mkaguzi akanijibu kwa adabu kabisa kwamba nipo karibu mno na kopo jingine. Lipi? Lile la mbuyuni! Nitajuaje niko mita ngapi kutoka kwenye kitu ambacho sitakiwi kujua kilipo? Nikasogea hatua themanini. Bado. Nikasogea tena, mara ya tatu hiyo, nikajikuta nimeinama chini ya ukuta wa watu na kopo mkononi, giza linaingia.

Mzee mwenye nyumba akatoka na tochi.

"Kijana, unafukia nini ukutani kwangu?"

"Shikamoo mzee. Sifukii kitu, mchezo wetu hauruhusu kuchimba."

"Marahaba. Mchezo gani wa mtu mwenye ndevu?"

Mnajua wenyewe mtu anayeviziavizia ukuta wa mwenzake magharibi anadhaniwa nini. Nikamfungulia kopo, aone ni karatasi na penseli, hakuna hirizi. Nikamwonyesha ramani kwenye simu. Akaisogeza machoni, akaitazama weee, akaweka kidole kwenye ile alama ya kijivu.

"Na hiki kikufuli?"

"Hicho ni cha wanaolipa."

"Ahaa. Kumbe ni biashara. Sasa wewe wanakulipa shilingi ngapi?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Kopo langu lilikubaliwa mwishowe upande wa pili wa barabara, na mzee ndiye mlinzi wake. Akiona watu wanazungukazunguka ananipigia: "Wageni wako wamekuja." Halipwi naye.

Najua hoja ya upande wa pili, nimeshaisikia mpaka basi: makopo yanaibwa, na ukiweka ada unawachuja wahuni. Sawa. Kwanza, kufuli haliwekwi na kampuni, linawekwa na mwenye kopo, na mpaka awe analipia. Kwa hiyo hasira nyingine niwape nyie mnaobofya hicho kitufe bila kufikiri mnamfungia nani. Pili, wenzetu Ulaya na Marekani wanapenda makasha ya chuma ya risasi za jeshi, hayapitishi maji. Weka kasha la namna hiyo Dar. Kwanza ukikutwa nalo ukawaeleze polisi. Ukisalimika, litafika kwenye mzani wa vyuma chakavu kabla hujamaliza kuandika maelezo yake. Lakini muokota chuma hana programu kwenye simu, hana haja ya majiranukta, kaliona kwa macho yake. Sasa kufuli lilimzuia nani? Lilinizuia mimi, niliye tayari kulipeleka nyumbani na kulianikia karatasi.

Na kufunga kopo Ujerumani si sawa na kulifunga hapa. Kule ramani imejaa alama mpaka zinapandana, wakikufungia kumi unageuka upande wa pili unakuta ishirini. Huku unaweza kuvuka wilaya nzima usione hata moja. Ukifunga lililopo umefunga mtaa. Ongezea kwamba programu ya bure kwenye simu inakufungulia yale mepesi tu. Magumu, hata yasiyo na kufuli, mpaka uhangaike kuyatafuta kupitia tovuti. Mtoto wa dada yangu nilimwekea hiyo programu akiwa likizo. Kwa siku mbili alipata makopo mawili, lililobaki karibu lilikuwa lile la mbuyuni. Akaniuliza, "Anko, hili je?" Nikamwambia limefungwa. Siku ya tatu akarudi kwenye mpira.

Nawasilisha. Povu ruksa.

NYONGEZA, saa 4 usiku: Nimesoma majibu yote.

Mnaoniambia nitumie c:geo, ile programu nyingine ya simu ya kusakia makopo: ninayo, ni nzuri, ni ya bure na imetengenezwa na watu wa kujitolea. Inanisaidia kwa makopo magumu. Kufuli haifungui, ukiingia na akaunti ya bure unakutana na kufuli lilelile.

Mnaosema nihamie Opencaching, ramani nyingine ya mchezo huuhuu, kule kila kitu wazi: falsafa yao naipenda. Nimefungua ramani yao nikaisogeza mpaka kwetu, nikajiona mimi na Bahari ya Hindi.

Aliyenielekeza kichochoro cha kuandikisha mtandaoni kwamba nimelipata kopo la kufuli, kwa kuandika namba yake kwenye anwani ya tovuti: ahsante mkuu, nimejaribu, imekubali. Kwa hiyo jina langu sasa limo kwenye kopo ambalo bado siruhusiwi kujua lilipo. Hapo mniambie nicheke au nilie.

Na wewe uliyeandika "maskini acheni mambo ya wazungu," kopo la mbuyuni lina majina kama arobaini, ya Kiswahili nimehesabu mawili, na moja ni langu la Jumapili. Sijui unamsema nani.

Gundi niliyotumia naona haitahimili mvua, nimepata mfuniko mwingine unaoingia. Jumamosi saa 2 asubuhi nitakuwa pale mbuyuni kuubadilisha. Asiyelipia aje, nitamwonyesha tundu kwa kidole. Mwenye kifurushi naye aje, atushikie tochi.