Kisima kinatazamana na sheli: nani alipie kupima maji?

Wakuu, mtaani kwetu tunanunua ndoo kwenye kisima kilicho ng'ambo tu ya barabara kutoka sheli. Jirani yangu hana wasiwasi: maji meupe, hayana chumvi, na anayachemsha. Kwa kipindupindu sina neno. Hofu yangu ni benzini iliyomo kwenye petroli, ambayo husababisha saratani ya damu. Tangi lililofukiwa likivuja, nani ataona? Shirika la Afya Duniani linataka isizidi mikrogramu 10 kwa lita, lakini ulimi huanza kuhisi ladha yake kuanzia 500 hivi. Kuchemsha kunaipunguza, ila inahamia kwenye hewa ya jikoni.

Yaliyotokea Camp Lejeune, kambi ya jeshi huko North Carolina, Marekani, yananikosesha raha. Kuanzia 1953 familia zilikunywa maji yenye kemikali za aina hii, nyingine zikitoka kwa dobi wa nje ya kambi aliyesafisha nguo kwa kemikali badala ya maji, nyingine kwenye matangi yaliyovuja. Mwaka 1982 sampuli moja ilikutwa na trikloroethilini, kemikali ya kuondolea grisi kwenye vyuma, mikrogramu 1,400 kwa lita. Kikomo chao leo ni 5. Sheria ya kuwaruhusu kudai fidia ilipita 2022. Wengi walishazikwa.

Msimamo wangu: mwenye sheli alipe, si muuza ndoo.

Mchangiaji: Mkuu, huku mtoto anakufa kwa kuhara wiki hii, wewe unatuletea saratani ya miaka ishirini ijayo. Ukimtisha mteja wa kisima atarudi kwenye dimbwi. Halafu kipimo chenyewe si cha chupa ya soda: benzini inaruka, chupa lazima ijae hadi mdomoni isibaki hewa, ikae kwenye baridi mpaka maabara. Maabara ya kupima hayo unaijua iko wapi hapo kwenu?

Mtoa mada: Hapo kwenye dimbwi umenibana, nakubali. Basi tuanze na kisichohitaji maabara. Mwenye sheli anapima tangi kwa kijiti, anajua lita alizopokea na pampu inamwambia lita alizouza. Kidogo hupotea kwa mvuke, sawa. Lakini pengo likijirudia kila mwezi na kuongezeka, mafuta yanakwenda wapi? Atuonyeshe hilo daftari kwanza.

Mchangiaji: Daftari atalileta. Lipi kati ya mawili aliyonayo, sijui.