Tamasha la siku tatu la Samuel Coleridge-Taylor: kwaya ya watu 40, okestra hakuna. Tupange vipi?

SautiYaPili
Wakuu, habari zenu. Kwaya yetu iko kusini mwa London, watu kama 40, wengi tumetoka Tanzania na Kenya, na tunasoma sol-fa (noti za herufi d, r, m) kuliko noti za mistari. Kamati imekubali tufanye tamasha la siku tatu, Ijumaa hadi Jumapili, la kazi za mtunzi wa muziki Samuel Coleridge-Taylor peke yake. Ameishi na kufia Croydon, jirani kabisa na sisi, na watu wanapita mitaa hiyo kila siku bila kulijua jina lake.

Tulichonacho: kanisa lenye piano na kinanda cha mabomba, kwateti ya nyuzi (fidla mbili, viola, selo), mpiga klarineti mmoja na tenor mmoja mzuri. Okestra hatuna, wala fedha ya kuikodi.

Naomba msaada: kazi zipi ziingie siku ipi, suala la hakimiliki likoje, na Hiawatha's Wedding Feast, kazi yake ya kwaya na okestra, inaimbika bila okestra au tunajidanganya? Tarehe tumewaza 15 Agosti, siku aliyozaliwa.

MwalimuWaBesi
Agosti achaneni nayo. Kuzaliwa 15 Agosti 1875, kufariki 1 Septemba 1912, tarehe zote mbili ziko ndani ya likizo ya shule za huko; nusu ya kwaya itakuwa safarini, na wasikilizaji pia. Tumieni Novemba. Wedding Feast iliimbwa mara ya kwanza 11 Novemba 1898, Royal College of Music, Stanford aliyemfundisha utunzi akiongoza, kwa hiyo sababu ya tarehe mnayo. Ila Jumapili ya pili ya Novemba ni ya kumbukumbu ya waliokufa vitani na makanisa ya Uingereza yanakuwa na ibada maalumu. Chukueni wikiendi ya tatu.

Ijumaa wapeni nyuzi na klarineti. Fantasiestücke, opus 5 (yaani namba ya kazi), ni vipande vitano vya kwateti. Baada ya mapumziko, Kwinteti ya klarineti (klarineti na kwateti ya nyuzi) katika F kali ndogo (F-sharp minor), opus 10, ya 1895, ambayo huchukua kama nusu saa. Aliiandika akiwa bado mwanafunzi, na kwa maoni yangu ndiyo kazi yake bora kuliko zote. Watu wakija siku moja tu, afadhali waje hiyo.

Jumamosi iwe ya sauti moja na piano. African Romances, opus 17, ni nyimbo saba kwa mashairi ya Paul Laurence Dunbar, Mmarekani mweusi aliyekutana naye London. Changanyeni na vipande vya piano vya opus 59, vilivyotoka Boston 1905: nyimbo 24 za asili, 16 za Wamarekani weusi na zilizobaki za Afrika na visiwa vya Karibi. Hapo pana jambo la kutumia kwaya. Juu ya kila kipande mtunzi amechapisha wimbo wenyewe kabla ya kuanza kuuchezea. Kwaya isimame, iimbe ule wimbo mtupu kwa "la" au kwa kufumba mdomo, kisha piano iingie. Msikilizaji atasikia kitu kilichotoka wapi na kimepelekwa wapi. Vile vya kusini mashariki mwa Afrika vilitoka katika kitabu cha Henri Junod cha nyimbo za Waronga, watu wa upande wa Maputo ya leo. Msipige vyote 24, ukumbi utalala. Sita au saba vinatosha, na Deep River isikosekane.

Jumapili, kwaya. Wedding Feast ni kama dakika 30. Msiguse Hiawatha nzima ya sehemu tatu: ni karibu saa mbili, na sehemu mbili zinazofuata hazina nguvu ya ile ya kwanza. Tangulizeni nyimbo fupi zisizo na ala: The Lee Shore, Summer is Gone, By the Lone Sea-Shore.

KinandaChaMvukuto
Nakubaliana na mpango, ila naongeza kuhusu ala maana ndipo mambo huharibikia.

Wedding Feast tumieni piano, si kinanda cha mabomba. Okestra yake imejaa kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) zinazorudiwa haraka na mitetemo ya nyuzi. Kwenye kanisa lenye mwangwi, kinanda kinageuza hayo yote uji, kwaya inapoteza pigo na kasi inashuka kidogo kidogo bila mtu kugundua. Mkitaka uzito, kinanda kiingie kwa pedali tu, noti ndefu za chini, kwenye vilele viwili vitatu.

Mkichanganya hivyo kuna mtego wa joto. Mabomba ya kinanda hupanda sauti chumba kikipata joto, kiasi cha senti 3 kwa kila nyuzi 1 ya selsiasi, na senti 100 ndizo nusu toni. Kanisa la Novemba likiwa nyuzi 12 mchana na 20 jioni baada ya kuwashwa hita na kujaa watu, kinanda kimepanda kama senti 24, karibu robo ya nusu toni. Piano haifuati hivyo. Kwa hiyo fundi wa piano aje hita zikiwa zimewaka kwa muda wa angalau saa tatu, aoanishe piano na kinanda kwenye joto la onesho. Akija asubuhi ya baridi, mmetupa hela.

Klarineti: muulizeni mpigaji leo, si wiki ya mwisho, kama ana klarineti ya A. Kwinteti imeandikwa kwa hiyo. Kwenye klarineti ya A, F kali ndogo inasomeka kama A ndogo, haina alama hata moja mwanzoni mwa mstari. Akiwa na ya B bapa (B-flat) tu itabidi asome G kali ndogo, alama tano za kupandisha, na vidole vitamkwama kwenye skerzo, ile sehemu ya haraka ya kwinteti. Ya A inakodishwa, hivyo hapana sababu ya kuteseka. Mazoezi mengi yapelekeni kwenye hiyo skerzo, kwa sababu migawanyo ya pigo inapishana na kila mmoja anadhani mwenzake ndiye amekosea. Waanze polepole, selo ikihesabu kwa sauti.

NotiNyeusi
Suala la hakimiliki. Amekufa 1912, na Uingereza haki hudumu miaka 70 baada ya kifo, kwa hiyo kazi alizochapisha ziko huru tangu zamani. Maneno ya Hiawatha ni ya mshairi Mmarekani Longfellow, aliyekufa 1882, nayo huru. Matoleo ya zamani ya Novello, wachapishaji wake, mnaweza kunakili kadiri mtakavyo.

Mitego iko mitatu. Kwanza, toleo jipya lililohaririwa au mpangilio mpya una haki zake hata kama muziki wa chini yake ni huru. Kazi zake kadhaa za ujana, kama Noneti (ya ala tisa) ya F ndogo, hazikuchapwa alipokuwa hai, zimetolewa miaka ya karibuni, na mtu aliyezihariri ana haki ya kazi yake. Nunueni nakala halali. Pili, opera yake Thelma. Ilidhaniwa imepotea, hati zikaonekana British Library, ikapigwa mara ya kwanza Croydon 2012. Sheria ya Uingereza inazilinda hadi mwisho wa 2039 kazi za marehemu ambazo hazikuwa zimechapwa wala kupigwa hadharani hadi sheria ya hakimiliki ya 1988 ilipoanza kutumika. Msichukue kipande chake bila kuuliza. Tatu, bintiye Avril Coleridge-Taylor naye alikuwa mtunzi na kiongozi wa okestra. Alifariki 1998, haki zake zinakwenda hadi mwisho wa 2068. Katika orodha za mtandaoni baba na binti huchanganywa ovyo.

Na mkitafuta noti, andikeni jina lote pamoja na kistari. Bila hivyo mtaletewa Samuel Taylor Coleridge, mshairi aliyekufa miaka 41 kabla huyu hajazaliwa. Kosa hilo huonekana hadi kwenye mabango, kwa hiyo bango lisomwe na watu wawili kabla ya kuchapwa.

SautiYaPili
Asanteni sana, mmetufungua macho. Klarineti ya A ipo, nimeuliza. Sasa sol-fa: tutafsiri kazi nzima ya dakika 30 au tuwalazimishe watu kusoma mistari? Na kuna mmoja wetu anataka tuimbe kwa Kiswahili.

DohInahama
Andikeni sol-fa. Watu 40 hawatajifunza mistari kwa miezi mitatu huku wakijifunza na maneno. Ila ifanyeni vizuri, maana huyu bwana anahama ufunguo haraka. Wanaoandika wakiganda kwenye Doh moja hujikuta wamejaza fe, se, ta na ma (noti zilizopandishwa au kushushwa nusu toni) kila mahali, na sauti ya pili na ya tatu ndizo zinazoumia. Muziki ukihama kwa zaidi ya mistari miwili ya maneno, badilisheni Doh na muweke noti ya daraja: mkitoka Doh G kwenda Doh D, s ya zamani ndiyo d mpya, basi andikeni s ndogo juu kushoto mwa d. Ikihama kwa pigo mbili tatu tu, acheni Doh palepale na mtumie fe au ta. Vifungu vya ufunguo mdogo viandikwe vikitulia kwenye l. Mwandishi awe mmoja kwa sauti zote nne. Mkigawana, sauti ya kwanza itahama Doh mahali ambapo ya nne haijahama, na mazoezi yataishia kwenye ubishi.

Kosa kubwa zaidi kwenye kazi hii ni pumzi. Kila mstari wa Longfellow una silabi nane, na mwanakwaya hupumua mwishoni mwa kila mmoja bila kuambiwa. Matokeo yake wimbo unakatika vipande sawasawa kwa nusu saa. Wekeni alama: pumzi kila baada ya mistari miwili au mitatu, na kwenye sentensi ndefu mtu na jirani yake wapumue kwa zamu. Tena kwaya inaimba karibu mfululizo. Solo ni moja tu, Onaway, awake, beloved, ya tenor. Mazoezi yaanzie kurasa za mwisho kurudi nyuma, ama sivyo mwisho utafika mkiwa mmechoka na hamjaujua. Huyo tenor asiimbe na kwaya kabla ya solo yake, ila asikae nje kwenye baridi akingoja.

Kiswahili kinawezekana, kwa sababu mizani nane tunaijua kutoka utenzi. Lakini mkazo wa muziki kwa sehemu kubwa uko silabi ya 1, 3, 5 na 7, na Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Maneno ya silabi mbili na nne yanakaa vizuri yakianzia nafasi ya mkazo. Ya silabi tatu lazima yaanzie silabi dhaifu. "Kwanza samaki wa mto" ina mizani nane sawa, ila "ma" imeangukia ya nne na wimbo utatamka neno kombo. "Kwanza ni samaki Nahma" (Nahma ni jina la samaki katika shairi) inakaa, "ma" iko ya tano. Tafsirini kifungu kimoja, labda chakula cha harusi, muone. Kazi nzima kwa mara ya kwanza iacheni Kiingereza.

MwalimuWaBesi
Nakubali, na solo isitafsiriwe kabisa.

Neno kuhusu kijitabu cha programu. Kati ya 1924 na 1939 Royal Albert Hall walikuwa wakiicheza Hiawatha kwa mavazi ya manyoya na mahema. Msijaribu. Simameni na nguo zenu za kwaya, na mseme kwa sentensi mbili kwamba shairi ni la Mzungu wa 1855 anayewawazia Wahindi Wekundu, si sauti yao wenyewe. Hadithi kwamba nakala za Konseto yake ya fidla zilizama na Titanic iondoeni. Ni kweli nakala zilipotea njiani kwenda Marekani, lakini si kwa meli hiyo, na mpiga fidla Maud Powell aliipiga Norfolk, Connecticut, Juni 1912.

Kinachofaa kuandikwa ni hela. Wedding Feast aliwauzia Novello moja kwa moja kwa gini 15, yaani pauni 15 na shilingi 15. Iliimbwa nchi nzima, nakala zikauzwa kwa wingi, naye hakupata mrabaha wake. Alifariki kwa nimonia akiwa na miaka 37, na mjane wake akapewa na mfalme pensheni ya pauni 100 kwa mwaka.

KinandaChaMvukuto
Jumamosi asubuhi mkiwa na nafasi, wapelekeni wageni Bandon Hill, Wallington, alikozikwa. Na kiongozi wa kwaya akague taa za kusomea leo hii. Novemba jua linazama saa kumi na robo jioni, na karatasi za sol-fa zenye noti za daraja ndogo hazisomeki kwa mwanga wa kanisa.